Kisu Kife kwa Wakati Wake

Kabla kisu hakijagusa chuma, fundi wa mashine ya kukereza anakuwa ameshaamua mambo matatu: chuma kizunguke kwa kasi gani, kisu kisogee kiasi gani katika kila mzunguko, na kiingie kwa kina gani. Mengine yote yanayoonekana mbele ya mashine, moshi, maji meupe yanayotiririka, ukanda wa chuma unaojikunja na kuangukia kwenye sinia, ni matokeo ya maamuzi hayo. Akikosea kwa pupa, ncha inaungua na kazi inaharibika. Akikosea kwa woga, kazi inatoka nzuri, kisu kinabaki kizima, na imepotea saa ambayo hakuna mteja atakayeilipia. Kosa la pili halina kelele wala moshi, ndiyo maana linaweza kukaa kwenye karakana miaka na miaka bila mtu kuliona.

Mimi si mkerezaji. Ni mtu anayependa kukaa pembeni ya karakana na kutazama, Gerezani jijini Dar es Salaam na kila mji ninaopita wenye mashine ya aina hii, na kadiri ninavyotazama ndivyo heshima yangu kwa watu hawa inavyoongezeka. Mlango wa seremala unakaa barazani na kila mgeni anausifu. Shafti inaingia ndani ya beringi, beringi inaingia ndani ya nyumba yake, na ikiwa imechongwa vizuri hakuna atakayeikumbuka tena mpaka itakapochoka.

Kazi niliyoitazama kwa karibu kuliko zote ilikuwa shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Mwenye mashine, mama mmoja aliyekuja na bajaji, aliileta ndani ya kiroba ikiwa vipande viwili.

"Fundi, naomba iwe leo leo. Watu wameacha ndoo zao za mahindi kwenye foleni."

Fundi hakujibu upesi. Alivitoa vipande, akavigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha pale palipokatika.

"Imekatikia kwenye kona, mama. Aliyeichonga aliacha kona kali. Chuma kinachozunguka huku kinabebeshwa mzigo huanza kupasuka kwenye kona kama hii, kidogo kidogo, mpaka siku kinaachia."

Hapo tayari alikuwa ameshaamua jambo: pale shafti inaponenepa, karibu na kikalio cha beringi, ataacha mviringo mdogo badala ya kona. Mviringo huo unatokana na umbo la ncha ya kisu, kwa hiyo alianza na jiwe la kunolea.

Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha ekseli ya lori, ambacho alikuwa amekichoma kwenye moto wa mkaa na kukiacha kipoe majivuni usiku kucha ili ugumu wake upungue. Hakuna cheti kilichokuja nacho. Kitabu cha chuoni huanza kwa kutaja aina ya chuma, halafu kinakupa kasi. Karakana zetu nyingi huanza na chuma kisicho na jina. Fundi alikigusisha kwenye jiwe linalozunguka na kutazama cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu yenye vichipukizi vichache. Kaboni ikiongezeka, mistari inapasuka na kutoa vinyota vingi, na karibu zaidi na jiwe. Kasti, yaani chuma cha kusubu, hutoa mistari mifupi, myekundu, inayofifia upesi. Alitazama kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuueleza, akamwambia kijana anayejifunza kwake, "Hiki ni cha kati, kigumu kidogo. Tutatumia kabaidi."

Anayetazama kisu kikifanya kazi kwa mara ya kwanza hudhani kinamenya, kama muuza machungwa anavyozungusha chungwa na ganda likatoka utepe mmoja mrefu. Sivyo. Mbele ya ncha, chuma kinasukumwa mpaka kinashindwa kustahimili, kinateleza juu ya chenyewe katika ukanda mwembamba ulioinama, na kila kinapoteleza kinasogea juu ya uso wa kisu. Ndiyo maana ukanda unaotoka ni mnene kuliko tabaka lililokatwa, na ni mfupi kuliko njia ambayo kisu kimepita. Kinachofanyika pale ni kukamua chuma. Kazi hiyo ya kukamua, pamoja na msuguano, inageuka kuwa joto. Sehemu kubwa ya joto hilo huondoka na ukanda. Linalobaki linaingia kwenye kisu na kwenye shafti, na kisa chote cha ufundi huu kinahusu joto hilo linalobaki.

Ukikata kwa kina cha milimita 2 na kisu kikisogea milimita 0.25 kwa mzunguko, eneo linalokatwa ni nusu milimita ya mraba tu. Hata hivyo, kwenye chuma cha kawaida cha shafti, ncha hiyo inabeba nguvu inayozidi uzito wa kilo 100, ikiwa kwenye joto la mamia ya nyuzi, bila kupumzika. Ndilo jambo linalonifanya nimtazame fundi kwa subira: yeye anasimama nusu mita kutoka hapo na kusoma kinachotokea mahali ambapo jicho halifiki.

Anasoma rangi. Ukanda wa chuma unapotoka huwa mweupe kama fedha. Joto likipanda unageuka manjano ya majani makavu, kisha kahawia, zambarau, na bluu ambayo huanza karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kwa kisu cha hai-spidi, chuma cha visu ambacho asili yake nitaieleza baadaye, bluu ni onyo: punguza. Kwa kabaidi, inayostahimili joto kubwa zaidi, bluu ni dalili njema kwamba joto linaondoka na ukanda kama linavyotakiwa. Anasoma umbo pia. Ukanda mrefu usiokatika unajizungushia shafti na unaweza kuchana mkono mpaka mfupani, kwa hiyo anaongeza kidogo mwendo wa kisu, yaani kiasi kinachosogea kwa kila mzunguko, ili ukanda unenepe, ujikunje na kuvunjika kama tarakimu ya 9. Na anasoma sauti. Karakana ina redio, ina jenereta ya jirani, ina watu wanaogombea spana, lakini nimemwona fundi akigeuza shingo kwa sababu mlio wa kisu umebadilika, na mimi niliyekaa karibu kuliko yeye sikusikia kitu.

Kasi yenyewe ina hesabu, na hesabu hiyo ni ya heshima kwa sababu ni rahisi na haidanganyi. Kinachokihusu kisu ni mita ngapi za chuma zinapita mbele yake kwa dakika, wala si mizunguko mingapi. Shafti yenye kipenyo cha milimita 50, ikikatwa kwa mita 30 kwa dakika kama inavyofaa hai-spidi kwenye chuma laini, inahitaji mizunguko 191 kwa dakika. Kipenyo kikiwa milimita 25, kasi ileile inataka mizunguko 382. Fundi wetu alitaka mita 100 hivi kwa dakika, kwa sababu alikuwa na kabaidi. Ekseli ilikuwa na kipenyo cha milimita 65: mizunguko 490. Gia ya mashine yake haina 490. Ina 400, ina 500. Akaweka 500. Ikifika milimita 50 atapandisha hadi 630, na kwa kisu itakuwa ni kasi ileile. Aliyafanya haya kichwani huku akifuta mikono kwa utambi.

Lakini kwa nini mita 100 na si 70, au 150? Hapo ndipo swali gumu lilipo, na mtu aliyelishika swali hilo na kukataa kuliachia alikuwa Mmarekani, Frederick Winslow Taylor, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1856. Alitoka familia yenye uwezo, akafaulu mtihani wa kuingia Harvard, halafu akaenda kujifunza ufundi wa kiwandani. Mwaka 1878 aliingia kiwanda cha chuma cha Midvale kama kibarua, na muda si mrefu akawa msimamizi wa mashine za kukereza. Akaanza kugombana na mafundi. Yeye aliona wanaweza kutoa kazi zaidi. Wao walijua mambo mengi ambayo yeye hakuyajua, na kila alipowabana walimshinda kwa ujuzi huo. Mwaka 1880 alimwomba mkuu wa kiwanda, William Sellers, ruhusa ya kufanya majaribio ya ukataji wa chuma. Alidhani yangechukua miezi sita. Yalichukua miaka 26.

Alipewa mashine kubwa ya kukereza, yenye uwezo wa kubeba kazi ya kipenyo cha inchi 66, na pete za chuma za magurudumu ya treni ambazo ugumu wake ulikuwa sawa kila mahali. Alishika mambo yote yasibadilike, akabadilisha moja, akapima. Kisha akabadilisha jingine. Alipata mambo 12 yanayoathiri kasi inayofaa, kuanzia ugumu wa chuma na umbo la ncha hadi kiasi cha maji na nguvu ya mashine. Kwa hesabu yake mwenyewe, majaribio yalikuwa kati ya 30,000 na 50,000, na zaidi ya ratili 800,000 za chuma, yaani tani zisizopungua 360, ziligeuzwa chenga. Desemba 1906 aliyasoma matokeo hayo mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, akiwa ndiye rais wake. Wengine wanamkumbuka Taylor kwa saa yake ya kupimia vibarua, na wana haki ya kumlaumu kwa hilo. Lakini mtu aliyegeuza tani 360 za chuma kuwa chenga ili ajue ukweli wa jambo moja, mimi namvulia kofia.

Na alichokipata kiliwasahihisha mafundi waliokuwa stadi kweli. Walipenda kisu chenye ncha kali kama almasi. Yeye aligundua mapema kwamba ncha ya mviringo inastahimili kasi kubwa zaidi, kwa sababu joto linagawanyika kwenye ukingo mrefu. Walipenda mwendo mdogo na kasi kubwa, kwa kuwa unaonekana una shughuli. Yeye akaonyesha kwamba mwendo mkubwa na kasi ndogo hutoa chuma kingi zaidi kwa siku. Walidondoshea kisu matone ya maji. Yeye alimwaga mkondo mzito pale pale ukanda unapotoka, na kasi ikaweza kupanda kwa asilimia 30 hadi 40. Midvale walijenga karakana mpya yenye mabomba ya maji hayo kwa kila mashine, na viwanda vingine vilichelewa miaka kuiga jambo ambalo mtu yeyote angeweza kuingia na kuliona kwa macho.

Baadaye, akiwa kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem pamoja na mtaalamu wa madini Maunsel White, alijaribu kuchoma visu vya chuma chenye tangsteni na kromi hadi joto ambalo kila mhunzi alijua linaharibu kisu, karibu na kuyeyuka. Badala ya kuharibika, vilikata kwa kasi kubwa zaidi kuliko vya zamani. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, watu walisimama mbele ya mashine wakatazama kisu ambacho ncha yake imekuwa nyekundu kwa moto na bado kinakata, ukanda ukitoka wa bluu. Huo ndio mwanzo wa hai-spidi, kipande kile kile cha mraba ambacho fundi wa Gerezani ananoa leo. Chuma cha kaboni cha zamani hulainika kikipita nyuzi 200 na kidogo. Hai-spidi hukaa na ugumu wake hadi karibu 600. Kabaidi ilikuja kutoka Ujerumani katika miaka ya 1920 na kupandisha mpaka huo tena.

Kati ya yote aliyoyapima Taylor, kuna moja ambalo ningependa kila kijana anayeingia chuo cha ufundi alijue kabla ya jingine lolote. Uhai wa kisu haupungui sawasawa na kasi, unaporomoka. Kwa hai-spidi, ukiongeza kasi kwa asilimia 10 tu, uhai wa kisu unapungua zaidi ya nusu. Kwa kabaidi, asilimia 20 inafanya hivyo hivyo. Mwendo wa kisu unaumiza uhai kidogo kuliko kasi, na kina kinaumiza kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo anayetaka kuondoa chuma kingi huanza na kina, kadiri mashine na shafti vinavyoweza kubeba. Halafu mwendo. Kasi huja mwisho. Mgeni hufanya kinyume, kwa sababu kasi ndiyo inayofurahisha.

Nilimwona kijana yule akifanya hivyo hivyo. Aliweka kina cha nusu milimita na kutaka kupandisha gia.

"Unaogopa nini?" fundi akamuuliza.

"Kisu, mzee. Kisivunjike."

"Weka mbili. Na usikionee huruma kisu, kiliumbwa kiishe. Wewe kazi yako ni kujua kitaishia wapi."

Akaweka mbili. Mashine ikashuka sauti, mkanda ukalalamika kidogo, kisha ukanda mnene wa bluu ukaanza kuvunjikavunjika kwenye sinia. Kutoka 65 hadi 61, 57, 53. Mara tatu tu, na chuma kisichohitajika kilikuwa kimeondoka.

Maneno yale ya fundi ndiyo kiini cha elimu nzima ya kutafuta hali bora ya ukataji, ambayo vyuoni huandikwa kwa herufi za Kigiriki. Kisu kinachokata siku tatu bila kunolewa ni ushahidi kwamba mashine ilikwenda taratibu mno. Kisu kinachokufa kila dakika tano ni ushahidi kwamba fundi anashinda kwenye jiwe la kunolea. Katikati kuna mahali ambapo gharama ya muda na gharama ya ncha zikijumlishwa zinakuwa ndogo kuliko kwingine kote, na mahali hapo panahesabika. Kwa hai-spidi, uhai wa kisu unaofaa ni takriban mara saba ya muda unaopotea kukibadilisha, ukiongeza bei ya ncha yenyewe iliyogeuzwa kuwa dakika za karakana. Ikiwa kutoa, kunoa na kurudisha kisu kunakula dakika 5, basi kisu kinatakiwa kife baada ya dakika 35 hivi za kukata. Kwa kabaidi ni mara tatu.

Sasa tazama kinachotokea hesabu hiyo ikifika kwetu. Katalogi za visu vya kabaidi kutoka Ulaya kwa kawaida hupanga kasi zake kwa kudhani ncha itakata dakika 15. Dhana hiyo ina akili huko, ambako saa moja ya mashine na mtu wake ni ghali sana na ncha ni rahisi ukilinganisha. Karakana ya hapa ina mizani nyingine. Ncha imesafiri, imelipiwa ushuru, inauzwa moja moja kwa muuzaji anayejua huna pa kwenda. Dakika ya fundi, kwa uchungu wangu, inalipwa kidogo. Weka bei hizo kwenye hesabu ileile na jibu linabadilika: uhai unaofaa unarefuka, kasi inashuka. Ukipunguza kasi ya kabaidi kwa asilimia 20, dakika zile 15 zinakuwa zaidi ya 35. Nimewahi kumsikia mhandisi mgeni akisema mafundi wetu wanaendesha mashine taratibu kwa kuwa hawajui. Wapo wasiojua, kama kwingine kote. Lakini fundi huyu aliyechagua 100 pale ambapo katalogi ingesema zaidi alikuwa amelipata jibu sahihi la mahali pake, na amelipata bila karatasi, kwa kununua ncha kwa pesa yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo katalogi haina: umeme. Ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, shafti inasimama huku ncha imebanwa, na kabaidi, ambayo ni ngumu lakini haipindiki, inapasuka. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa fundi hauendi mbali na gurudumu la kurudishia kisu. Taa zikififia tu, kabla mashine haijapoteza nguvu, kisu kiko nje.

Taylor hakuishia kwenye majaribio. Pamoja na Carl Barth, Mnorwei mwenye kichwa cha hesabu, alitengeneza rula za kuteleza zilizobeba mambo yale 12, ili mtu yeyote apate kasi na mwendo chini ya nusu dakika hata kama hajui hesabu. Rula hizo zinanivutia kama kazi ya ufundi. Nia yake, hata hivyo, ilikuwa kuondoa uamuzi mikononi mwa fundi na kuupeleka ofisini: mmoja afikiri, mwingine azungushe gurudumu. Hapo tunaachana. Alikuwa sahihi kwamba mazoea ya mafundi yalificha upotevu mwingi. Maji na ncha ya mviringo vilithibitisha hilo. Lakini pete zake za treni zilikuwa na ugumu mmoja mwanzo hadi mwisho. Ekseli ya lori ina sehemu iliyopoa majivuni upesi na sehemu iliyopoa taratibu, na kisu kinapofika kwenye mpaka wake sauti inabadilika, na wa kuisikia ni yule aliyesimama pale. Ofisini haisikiki.

Na chuma kina ukaidi wa kila aina. Kuna kinachokuwa kigumu zaidi kadiri unavyokigusa, kama chuma kisichoshika kutu: ukikipapasa kwa kina kidogo kwa hofu, unakipa ngozi ngumu ambayo mpito unaofuata hautaiweza, kwa hiyo lazima kisu kiingie chini ya tabaka kililoliacha. Kuna mtetemo, pale shafti ndefu inapoanza kulia na kuacha mawimbi juu yake. Kila mtu hukimbilia kupunguza kila kitu. Fundi hupunguza mizunguko, lakini mwendo wa kisu huuongeza, na mara nyingi kisu kilichobebeshwa mzigo zaidi kinatulia. Kuna pia kipande kidogo cha chuma kinachojichomelea kwenye ncha pale kasi inapokuwa ndogo mno, kikang'oka na kurudi tena, kikiuacha uso wa shafti umekwaruzika. Dawa yake, kinyume na silika, ni kuongeza kasi. Haya yote yana maelezo ya kisayansi yaliyo wazi. Ninachokistaajabia ni kuyakuta yakiishi kwenye mkono wa mtu kama tabia.

Kwenye kikalio cha beringi fundi alibadilika kabisa. Pupa ya kina na mwendo iliisha. Mwendo aliushusha hadi milimita 0.1. Kisu chenye ncha ya mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 0.8, kikisogea milimita 0.2, huacha vilima vya mikroni 6 hivi kwenye uso wa chuma. Ukipunguza mwendo kwa nusu, vilima vinabaki robo, mikroni moja na nusu. Mipito miwili iliyofuata aliipa kina kilekile kimoja, kwa sababu shafti na kisu vyote vinapinda kidogo chini ya mzigo, na mzigo ukiwa sawa, kupinda nako kunakuwa sawa na kunaweza kutabirika.

Kisha akazima mashine, akakaa juu ya ndoo.

Mama mwenye mashine ya kusaga akauliza kwa nini amesimama ilhali imebaki kidogo. "Inapoa, mama," akajibu. Kikalio cha beringi cha milimita 50, kwa mshikamano unaotakiwa hapa, kinaruhusiwa kuzidi 50 kamili kwa kati ya elfu 2 na elfu 18 za milimita, yaani mikroni 2 hadi 18. Nafasi nzima ya kucheza ni elfu 16. Chuma cha kipenyo hicho kikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya hewa, kinakuwa kimevimba kwa elfu 17. Atakayekipima kikiwa cha moto atasoma kipimo kizuri, atafurahi, na shafti ikipoa itakuwa imekonda na beringi itacheza. Nimeona watu wenye vyeti wakisahau jambo hili. Fundi alikunywa chai, akamimina maji juu ya shafti, akaifuta, akaigusa kwa nyuma ya kiganja. Mikromita ilipotoka kwenye kisanduku chake ilisoma elfu 40 juu. Mpito mmoja mwepesi, subira tena, kipimo tena: elfu 11.

Beringi ilipashwa kwenye mafuta ya moto, ikateleza hadi kwenye bega la shafti na kukaa. Ule mviringo mdogo wa pembeni haukuizuia kufika, kwa kuwa alikuwa ameunoa mdogo kuliko mviringo wa beringi yenyewe. Mama alilipa bila kubishana sana, na bajaji ikaondoka.

Juu ya meza ilikuwa inasubiri puli ya kasti ya milimita 200, na safari hii fundi alimwachia kijana achague. Kijana alisimama mbele ya gia kwa muda. Alifunga bomba la maji kwanza, kwa sababu kasti hutoa chenga za unga na maji huzigeuza tope linalokula njia za mashine. Kasi aliishusha kutoka 630 hadi 125: chuma kinene, mizunguko michache, mita 80 hivi kwa dakika mbele ya kabaidi. Kwenye kina alisita, akazungusha gurudumu, akarudisha, halafu akaweka milimita 3, ili mpito wa kwanza upite chini ya ngozi ya puli, pale mchanga wa kusubia ulipogandia, na ncha isiburuzwe juu ya mchanga huo. Fundi alikuwa ameshageuka kuongea na mteja mwingine. Alirudi, akageuza kisu kidogo kwenye kishikio chake, nyuzi chache tu, bila kusema neno kuhusu vipimo alivyochagua kijana, na kijana akawasha.